BAISKELI YA CHUMA YA ZAMANI: IKAGUE KABLA HUJATOA PESA

Wengi wetu tunaokaa Matonge na mitaa ya jirani tunasoma ULB au VUB, na shida ya asubuhi tunaijua wote: kungoja basi namba 71, kubanana hadi Flagey, halafu kubanana tena hadi chuoni. Na umbali wenyewe hadi Solbosch ni kilomita 3 au 4 tu! Ndiyo maana kila mwaka mpya wa masomo utasikia mtu anauliza kuhusu baiskeli, na akihesabu pesa aliyonayo anajikuta anatazama baiskeli ya resi ya chuma ya miaka ya sabini au themanini. Si wazo baya hata kidogo. Lakini kuna za kununua na kuna za kukimbia.

Kwanza tuelewane kuhusu chuma. Nyumbani tumezoea Phoenix, Raleigh na Hero, ile ambayo Wakenya waliiita Black Mamba, na ndugu zetu wa Lubumbashi huita kinga. Hizo ni chuma kizito cha kubebea magunia. Fremu nzuri ya resi ni chuma cha aina nyingine, mabomba membamba yenye ukuta usiofika milimita 1, mazito kidogo kwenye ncha na mepesi katikati. Reynolds 531 ya Uingereza ilianza kuuzwa mwaka 1935, na Columbus ni ya Italia. Ukitaka kuona kazi hiyo kwa macho, panda metro namba 5 ushuke kituo cha Eddy Merckx kule Anderlecht. Pale imewekwa baiskeli aliyotumia mwaka 1972 huko Mexico City, alipokwenda kilomita 49.431 kwa saa moja.

Sasa, muuzaji atakuonyesha stika ya Reynolds na kupandisha bei. Stika hubandikwa na yeyote! Mwombe achomoe bomba linaloshika kiti, usome kipenyo kilichopigwa muhuri juu yake. Ukikuta 27.2, kuna dalili nzuri kwamba fremu ni ya daraja la juu. Ukikuta 25.4 au 26, basi huenda ni chuma cha kawaida. Bado itakupeleka chuo, ila usilipe bei ya bingwa. Na kama bomba hilo halichomoki kabisa? Hapo aluminiamu imeshikana na chuma kwa kutu, na kulitoa kunaweza kumtesa fundi siku nzima. Mimi ningeondoka.

Jambo kubwa zaidi ni usalama, na hapa naomba utulie. Inama utazame chini ya mabomba mawili yanayoingia kwenye kichwa cha fremu, pale nyuma ya foku. Pitisha kidole taratibu. Ukihisi mkunjo, au rangi imepasuka kwa mstari wa kukata bomba, ujue baiskeli iligonga kitu uso kwa uso. Foku nayo itazame kwa ubavu: miguu yake inatakiwa iendelee na mstari wa kichwa kabla haijajikunja mbele. Ikiwa imerudi nyuma, hata ukiambiwa "ni kidogo tu", acha. Fremu ya namna hiyo inaweza kukatika ukiwa kwenye mteremko wa Chaussée d'Ixelles na basi liko nyuma yako.

Kisha chukua uzi. Ufunge pale gurudumu la nyuma linaposhikwa upande mmoja, uupeleke mbele, uuzungushe kwenye kichwa cha fremu, uurudishe upande wa pili kwa urefu uleule. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita 1 au 2 hamna shida. Ikizidi sana, fremu imepinda. Kipimo hiki hakihitaji fundi wala hela, na muuzaji mkweli hatakukataza.

Kutu ya juujuu isikutishe. Ile ya ndani ndiyo mbaya: gonga mabomba kwa ukucha, geuza fremu, uone kama unga mwekundu unamwagika.

Kuhusu saizi, pima mguu wako kwa ndani kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, uzidishe kwa 0.65. Mwenye sentimita 82 anapata kama 53. Usidanganywe na bei nafuu ya fremu ya 60.

Vipuri ndivyo vinavyokula pesa. Baiskeli nyingi za Kifaransa za zamani, Peugeot kwa mfano, zina nyuzi za skrubu zisizolingana na za Kiingereza, na mhimili wa pedali ukiharibika utahangaika. Nafasi ya gurudumu la nyuma nayo hutofautiana: milimita 120 kwa gia 5, 126 kwa gia 6 au 7, na 130 kwa zilizofuata. Uzuri wa chuma ni kwamba fundi anaweza kuipanua kutoka 126 hadi 130. Aluminiamu usijaribu. Kama ringi ni za chuma zenye kromu, panga kuzibadilisha mapema, maana zikilowa breki hazishiki, na mvua ya Brussels mnaijua. Angalia pia nafasi ya tairi pana kidogo na madigadi. Tairi nyembamba, mawe ya barabarani na reli za tramu ni maadui; reli uivuke kwa kuikata, usiende nayo sambamba.

Mwisho ni suala la wizi. Soko la Place du Jeu de Balle kule Marolles hufunguliwa asubuhi, na vitu vizuri hupatikana, lakini yule anayekufuata mtaani na baiskeli isiyo na maelezo mwache apite. Kununua mali unayojua ni ya wizi ni kosa, na hata kama hukujua, mwenyewe aliyeibiwa anaweza kuidai ndani ya miaka 3. Sisi wenye vibali vya kukaa hatuhitaji mazungumzo ya aina hiyo na polisi. Soma namba ya fremu, mara nyingi iko chini, pale mhimili wa pedali unapopita. Kama imekwanguliwa, umeshapata jibu. Omba karatasi yenye jina la muuzaji, tarehe, bei na namba hiyo. Kisha isajili mybike.belgium, ni bure, ubandike stika yao. Kufuli ya umbo la U ifunge fremu pamoja na gurudumu, si gurudumu peke yake.