Waya wa Pili Kati ya Swichi za Mtandao

Chama kinachotunza hesabu za wanachama katika kompyuta hakina budi kujiuliza: waya unaounganisha chumba cha mhasibu na ghala ukikatika siku ya malipo, kazi itaendeleaje? Wengi hujibu kwamba utandazwe waya wa pili. Jibu hilo ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ikisahauliwa hasara huwa kubwa kuliko ya waya kukatika.

Swichi ya mtandao ni kisanduku kinachogawa mawasiliano baina ya kompyuta. Ikipokea ujumbe uliokusudiwa wote, huutoa katika kila tundu isipokuwa lile ulimoingilia. Swichi mbili zikiunganishwa kwa nyaya mbili, ujumbe huo huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine bila kikomo, kwa maana haubebi hesabu ya safari zake. Punde mtandao wote hujaa marudio, na mhasibu hawezi kufungua hata leja.

Dawa ilibuniwa mwaka 1985 na Bibi Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, ikawa kanuni rasmi mwaka 1990. Mafundi huiita itifaki ya STP. Swichi huchagua moja miongoni mwao kuwa shina. Nyingine hutafuta njia nafuu ya kulifikia, na tundu lililo nje ya njia hizo hufungwa, likingoja. Katika swichi nyingi za Cisco tundu hilo huwaka taa ya rangi ya chungwa. Karani asidhani limeharibika, wala asiuchomoe waya wake ili apate nafasi ya kompyuta mpya. Hiyo ni sawa na kuuza gurudumu la akiba la lori la chama.

Shina huchaguliwa kwa nambari ya kipaumbele, na iliyo ndogo ndiyo hushinda. Kwa kawaida swichi hutoka kiwandani na nambari 32768. Zikilingana, hushinda yenye anwani ndogo ya kiwandani, ambayo aghalabu ni ile kongwe. Hivyo kisanduku kilichosahauliwa ghalani chaweza kuongoza mtandao wote. Fundi aandike 4096 katika swichi kuu na 8192 katika msaidizi wake.

Aidha, itumike RSTP, iliyotolewa mwaka 2001. STP ya awali huchukua sekunde 30 hadi 50 kufungua njia ya akiba. RSTP kwa kawaida huchukua chache mno. Swichi za bei ndogo zisizopangika aghalabu haziijui itifaki hii, kwa hiyo zisiunganishwe kwa nyaya mbili.

Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, ilirudia kazi ya karatasi kwa siku zipatazo nne, kwa kuwa mtandao wake ulikuwa umepanuliwa kupita kiasi ambacho itifaki hiyo ingeweza kumudu.

Jaribio lifanywe baada ya saa za kazi: fundi achomoe waya unaotumika mbele ya katibu, na sekunde zihesabiwe. Jina la swichi iliyo shina, tundu linalongoja na tarehe ya jaribio viandikwe kwenye karatasi ndani ya kabati la vifaa, na nakala iwekwe katika jalada la chama.