Moyo wa mama unadunda ovyo: je, tiba ya mrija itamponya?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 62. Moyo wake unadunda ovyo mwezi wa saba sasa, dawa hazikutuliza. Ameshauriwa aunguzwe ndani ya moyo. Atapona kabisa?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Kifua hakipasuliwi. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, kisha daktari huunguza au kugandisha nyama inayozunguka midomo ya mishipa itokayo mapafuni. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha mwaka 1998 kwamba cheche nyingi za umeme zinazovuruga mapigo huanzia humo. Kovu linalobaki hapo huzizuia zisipite.

Kupona kabisa siwezi kukuahidi. Tatizo la miezi mingi huwa limeshaubadili moyo wenyewe, ndiyo maana wengine hurudia tiba. Moyo ukienda mbio wiki za mwanzo msikate tamaa. Kovu bado linakomaa.

Ninalokusihi sana: asiache dawa za kuzuia damu kuganda eti kwa kuwa anajisikia vizuri. Atazimeza angalau miezi miwili. Baada ya hapo daktari ataangalia umri, presha, kisukari na kama amewahi kupata kiharusi, ndipo aamue kama aendelee nazo. Na akipata homa au maumivu anapomeza, hata wiki kadhaa baadaye, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.