MBUZI ANAYEZUNGUKA: JINSI MAGONJWA YA UBONGO YANAVYOGUNDULIWA

Kama umelelewa huku Kajiado bila shaka umewahi kumwona mbuzi au kondoo anayezunguka mahali pamoja hadi aanguke. Wamaasai huuita ugonjwa huo wa kuzunguka ormilo. Mara nyingi kwa mbuzi na kondoo chanzo chake ni mfuko wa maji ndani ya ubongo, unaoletwa na mayai ya tegu wa mbwa. Mchungaji hodari hapasui kichwa ndipo ajue. Hutazama mnyama anazungukia upande gani, kisha hupapasa fuvu akitafuta palipolainika.

Je, kwa binadamu mambo huwaje?

Shida ni ile ile: ubongo umefungiwa ndani ya sanduku la mfupa. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka wa 1895, huonyesha mfupa vizuri, lakini ubongo wenyewe ni kama haupo. Mwaka wa 1929 Hans Berger wa Ujerumani alitangaza kwamba umeme mdogo wa ubongo unaweza kupimwa juu ya ngozi ya kichwa. Kipimo hicho, EEG, husaidia hadi leo kuchunguza kifafa.

Hatua kubwa ilipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Mama mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo alipigwa picha kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo hupiga eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta huziunganisha, na ubongo huonekana kama mkate uliokatwa vipande. Mwaka wa 1979 Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mwafrika Kusini Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Baadaye ikaja MRI, ambayo hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio badala ya eksirei.

Hata hivyo, picha haimalizi kazi. Kwa kawaida kipande cha uvimbe hutolewa na kutazamwa kwa hadubini. Aidha, tangu 2016 Shirika la Afya Duniani huainisha baadhi ya vimbe kwa kuangalia jeni zake pia.

Sasa nisikilize. Binamu yangu wa Kitengela alikuwa akiamka na maumivu ya kichwa, akitapika kabla ya chai. Alitibiwa malaria mara tatu. Akanunuliwa miwani. Majirani wakasema ni mambo ya kurogwa. Nyanya yetu, ambaye hajakanyaga darasa, ndiye aliyesema, "Huyu mtoto anaangusha kikombe kila akikishika kwa mkono wa kushoto." Daktari aliposikia hilo alimtuma Nairobi siku hiyo hiyo kupigwa picha. Uvimbe ulikuwa upande wa kulia, maana upande wa kulia wa ubongo ndio unaotawala mkono wa kushoto. Alipasuliwa, na leo yuko shuleni.

Mashine iliona uvimbe, lakini jicho la nyanya ndilo lililoielekeza. Kwa hiyo mwenzako akianguka kifafa bwenini, msikimbie wala msimcheke. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko mdomoni. Tazama saa: kikipita dakika tano, tafuteni msaada wa hospitali mara moja. Angalia ni mkono upi ulioanza kutetemeka, kisha mweleze daktari. Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakichunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini eksirei ya kawaida haikutosha kuonyesha uvimbe wa ubongo?
2. Mkono wa kulia ukilegea ghafla, daktari atashuku upande gani wa ubongo?
3. Taja mambo mawili utakayomweleza daktari kuhusu mtu aliyeanguka kifafa.