Kadi ya Nolan Ryan ambayo Topps haikuitoa

Kadi ya kwanza ya mrushaji wa besiboli Nolan Ryan ni ile ya kampuni ya Topps ya 1968, namba 177. Nayo si yake peke yake: kijana huyo aliyekulia Alvin, Texas, amebanwa pamoja na mwenzake wa New York Mets, Jerry Koosman. Kadi ya 1967 yenye Ryan mmoja tu haikutoka, na hiyo ndiyo nzuri kujitengenezea.

Kabla hujawasha kompyuta, amua kadi yako ni ya lini, kisha usivuke hapo. Kadi ya 1967 inajua yaliyotokea hadi mwisho wa 1966, basi. Wengi huharibu hapa. Wanajaza nyuma kwamba Ryan aliwatoa wapigaji 5,714 kwa straiki tatu, na kadi inageuka tangazo la kumbukumbu. Andika kilichojulikana wakati huo: akiwa Greenville, ligi ndogo, alishinda mechi 17 na kupoteza 2, akiwatoa kwa straiki wapigaji 272. Septemba 11, akiwa na miaka 19, akaingia ligi kuu dhidi ya Atlanta Braves. Msimu huo alirusha raundi 3 tu huko juu, akatoa kwa straiki wapigaji 6, na wastani wake wa kufungwa ukawa 15.00. Wastani huo ni mbaya mno. Uache kama ulivyo, kwa sababu ndio unaomwonyesha kijana ambaye bado hakuna aliyemjua.

Picha nayo ichunguze. Ryan aliichezea Mets hadi 1971, kwa hiyo fulana ya Mets pekee haitoshi. Tazama mkono wa fulana: ukiona beji ya miaka 100 ya besiboli ya kulipwa, hiyo ni picha ya 1969. Iache.

Muundo wa 1967 ni rahisi kuiga: ukingo mweupe, jina la timu kwa herufi kubwa chini, jina la mchezaji na nafasi yake juu, sahihi juu ya picha. Nyuma kumesimama wima, kwa rangi ya kijani.

Kipimo ni inchi 2.5 kwa 3.5, yaani pikseli 750 kwa 1,050 ukichapa kwa pikseli 300 kwa kila inchi. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Tumia karatasi isiyong'aa. Chapa mbele na nyuma kwenye karatasi tofauti, bandika kwenye kadibodi nyembamba, gandamiza kwa vitabu vizito usiku kucha, ndipo ukate kwa rula ya chuma na wembe mpya. Ukikata kabla ya kubandika, kingo hazitalingana.

Mwisho, andika nyuma kwa herufi zinazosomeka mwaka ulioitengeneza na kwamba ni ya kujitengenezea. Kadi hupita mikono mingi, na usikubali yako imtapeli mtu.