Mbwa mchanga anapoanza kuuma



Huku Tenke, pale njia ya gari la moshi inapoachana, moja ya Kolwezi na moja ya Kamina, nyumba nyingi zina mbwa katika lopango. Baba akienda kazi ya usiku, anataka mlinzi nyumbani. Basi analeta mtoto wa mbwa, anamfunga nyororo mchana kutwa, na watoto wanamchokoza kwa fimbo ili awe mkali. Atakuwa mkali kweli, lakini hatachagua kati ya mwizi na mtoto wa jirani. Kwa kulinda, kubweka kunatosha.

Usimtoe kwa mama yake kabla ya majuma 8. Tangu juma la 3 hadi la 14 hivi ndipo anapozoea watu: wageni, watoto, wenye baisikeli, wenye kofia za kazi. Mbwa aliyefichwa wakati huo huwa mwoga, na woga humfanya aume. Akikutafuna mkono katika mchezo, usimpige. Acha mchezo, mgeuzie mgongo.

Je, akinguruma juu ya sahani yake? Wengi hukamata fimbo. Ni kosa kubwa. Kunguruma ni onyo. Mbwa anayepigwa kwa sababu hiyo hujifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma bila kukuonya. Simama mbali kidogo, mtupie kipande cha samaki kinachopita utamu bukari aliyo nayo, kisha ondoka. Rudia kila siku, ukisogea polepole. Atajua kwamba mkono wako unaleta, haunyang'anyi. Kazi hiyo ni ya mtu mzima. Watoto wakae mbali na mbwa anayekula.

Na akimwuma mtu, hata kumkwaruza tu kwa jino? Usitie mafuta, majivu wala majani. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, kisha nenda kwa munganga siku ile ile. Usingojee dalili: kichaa cha mbwa hukaa kimya mwilini, mara nyingi mwezi 1 hadi 3, na kikijitokeza, karibu hakuna anayepona. Mbwa usimwue ikiwa unaweza kumfungia mahali salama. Mtazame siku 10. Akifa au akibadilika, mwambie munganga upesi. Lakini sindano za mtu aliyeumwa hazingojei siku hizo. Na mtoto wa mbwa apelekwe kuchanjwa akifikisha miezi 3.