Bodaboda na Magari: Mwongozo wa Usalama kwa Madereva wa Tarime na Serengeti

Mwongozo huu unamlenga dereva anayebeba abiria na mizigo kati ya Sirari, Tarime mjini, Nyamongo na Mugumu, pamoja na tajiri anayemsubiri jioni apokee hesabu. Barabara hizi hupitisha malori yanayovuka mpaka wa Kenya, mabasi ya Mwanza, magari ya mgodi wa North Mara, michomoko (magari madogo ya abiria), na magari ya watalii yanayoelekea Fort Ikoma. Hatari zake zinatofautiana, ila kosa moja hujirudia: mwenye pikipiki anaamini ameonekana, kumbe hajaonekana.

Utafiti wa Harry Hurt uliochapishwa Marekani mwaka 1981 ulichunguza ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles. Katika zile zilizohusisha gari, takribani theluthi mbili zilitokea kwa sababu gari liliingia njia ambayo ilikuwa haki ya pikipiki, na kwa kawaida dereva wake alisema hakuiona au aliiona amechelewa. Pikipiki ni nyembamba, na ikija kwa mbele ni vigumu kupima kasi yake. Kwa hiyo washa taa hata mchana na vaa koti linaloakisi mwanga. Ukikuta gari limesimama kwenye njia panda, tazama gurudumu lake la mbele, kwa kuwa ndilo litakalokuonyesha mapema kwamba gari linaondoka.

Lori linahitaji uangalifu wa pekee. Kwetu usukani uko kulia, hivyo ubavu wa kushoto ndio dereva asiouona vizuri, na bodaboda wengi hupenda kupenya huko huko. Semitrela ikitaka kukata kushoto hutanuka kwanza kulia, na hapo huonekana upenyo mpana karibu na ukingo. Usiingie. Magurudumu ya nyuma ya trela hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata kona kwa ndani, na aliyemo hana pa kutokea. Kama huioni saitimira ya lori, dereva wake naye hakuoni. Ukilipita, pita kulia, mahali paliponyooka, wala usikae ubavuni mwake.

Sheria inaruhusu gari la zaidi ya tani 3.5 kwenda hadi kilomita 80 kwa saa nje ya makazi. Kwa mwendo huo linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukitazama simu kwa sekunde tatu tu, limeshasogea mita 66. Basi likikupita kwa kasi, hewa yake hukusukuma nje, kisha hukuvuta lilipo. Shika usukani kwa mikono miwili, punguza mafuta kidogo, na usikanyage breki ghafla.

Mchomoko husimama popote abiria anapoinua mkono, mara nyingi bila indiketa, na mlango hufunguka kabla gari halijatulia. Acha nafasi ya kutosha kusimama nyuma yake. Palipo na ng'ombe, mtazame pia dereva anayetoka mbele: akiwakwepa, atahamia upande wako.

Kwenye barabara za vumbi upande wa Mugumu, magari hupenda kushika katikati, ambako changarawe imeshindiliwa. Gari la watalii likikupita na kukuachia wingu la vumbi, simama nje ya barabara mpaka litulie. Usijaribu kulipita ndani ya vumbi, kwa sababu anayekuja kutoka mbele naye haoni kitu.

Sasa kwa matajiri. Kumdai kijana hesabu ileile siku ya mvua kubwa, barabara ikiteleza, ni kumsukuma chini ya magurudumu. Anayekimbizana na hesabu ndiye anayepiga mshikaki na kulipita lori kwenye kona. Punguzeni hesabu siku hizo. Hakikisheni pia pikipiki ina breki, taa, tairi zenye meno, bima hai na kofia ngumu mbili. Sheria inamtaka dereva na abiria wote wavae kofia. Uchambuzi wa tafiti nyingi duniani ulionyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa takribani asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini sharti ifungwe kidevuni. Iliyovaliwa bila kufungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Ajali ikitokea, zuieni magari yanayokuja, pigeni 112, na msimpakie majeruhi kwenye pikipiki nyingine akiwa ameshikiliwa katikati, kwani shingo au uti wa mgongo unaweza kuharibika zaidi njiani. Mtu mmoja apige picha ya namba za gari na aulize bima yake. Mliogongwa ni watu wa tatu mbele ya bima hiyo, mna haki ya kudai fidia. Chukueni fomu ya PF3 polisi na mtunze nakala. Msikubali kumalizana palepale kwa fedha ya mkononi kabla ya kupimwa: damu inayovujia kichwani au tumboni huweza kuchukua saa nyingi kuonyesha dalili, na kufikia hapo mwenye gari atakuwa ameshavuka Sirari.