Madaftari ya Marehemu Baba

SWALI: Marehemu baba aliandika makala kuhusu ndege na misitu ya Usambara. Ameacha madaftari yenye majani makavu ndani. Tunataka kuyaonyesha hapa Tanga. Tuanzie wapi?

JIBU: Msiyapange upya. Mpangilio aliouacha unaonyesha alivyofanya kazi. Wala msitupe rasimu: nyaraka za Rachel Carson, mwandishi wa kitabu Silent Spring (1962), zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale pamoja na rasimu zake. Majani huvutia wadudu, hivyo yatengeni, ila kwanza pigeni picha ya ukurasa kila jani lilipokuwa. Ondoeni pini: unyevu wa pwani huzitia kutu. Laminesheni, ambayo kila duka la steshenari litawashauri, hapana kabisa! Kwenye maonyesho tumieni nakala. Mwanga hufifisha wino, na uliofifia haurudi.